Jibu: Alikuwa 2-S, akawa 1-A, hakuitwa Vietnam. Alitoroka?

Salaam mkuu. Unasema baba mkwe wako Mmarekani, mzaliwa wa 1950, kadi zake za jeshi la lazima zinaonyesha alitoka daraja 2-S (mwanachuo, wito umeahirishwa) akaingia 1-A (anaweza kuitwa wakati wowote) mwishoni mwa 1970, na hakuwahi kuvaa gwanda. Sidhani alitoroka. Kipindi hiki nakifundisha, na kadi za hivyo nimeziona.

Kwanza angalia siku na mwezi aliozaliwa. Tarehe 1 Desemba 1969 ilichezeshwa bahati nasibu ya waliozaliwa 1944 hadi 1950: kila siku ya kuzaliwa ikapewa namba ya zamu ya kuitwa jeshini. Septemba 14 ikapata namba 1. Mwaka 1970 wito uliishia namba 195. Mwenye 300 angekimbilia Kanada kufanya nini?

Sasa huo ujanja, tena halali kabisa. 2-S ilikuwa ahirisho la mwanachuo tu. Mwenye namba kubwa aliliacha kwa hiari mwaka ukielekea ukingoni, akakaa 1-A wiki chache, mwaka ukaisha hajaitwa, akasogezwa nyuma ya foleni. Wenye akili walifanya hivyo, na kadi yako inanukia hivyo hivyo.

Ikiwa namba yake ni 195 kushuka chini, tafuta 4-F (kukataliwa kwa sababu ya afya) au 1-O (kupinga vita kwa dhamiri). Hiyo 1-O ilikuwa ngumu: ilibidi ukatae vita vyote, kuichukia Vietnam peke yake hakukutosha.

Na hata kama alikwepa, Rais Carter aliwasamehe wakwepaji 21 Januari 1977, ingawa waliotoroka wakiwa tayari jeshini hawakuwemo.

Weka hapa tarehe yake ya kuzaliwa. Bila hiyo nabahatisha tu.