Kikokotoo cha BMI: kanuni ni mstari mmoja, kazi iko kwa mtumiaji

Wadogo zangu mnaoanza Python hapa Lamu, mkitaka zoezi la kwanza lenye faida, tengenezeni kikokotoo cha BMI, yaani kipimo cha uzito wa mtu ukilinganishwa na urefu wake. Kanuni yenyewe haina maneno mengi: uzito kwa kilo, ugawanywe kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita.

bmi = uzito / urefu ** 2

Alama ya kipeo ni **, si ^. Hiyo ya pili kwenye Python ina kazi nyingine kabisa. Na chochote kinachoingia kwa input() huja kama maandishi hata kikiwa tarakimu, basi kipitisheni kwenye float() kwanza ili kiwe namba.

Shughuli ni huyo mtumiaji. Mwambieni "andika urefu wako" muone. Mmoja ataandika 175, maana alipimwa kwa sentimita. Kwa kilo 70, programu itamjibu 0.002 badala ya 22.9, tena bila kulalamika. Mwingine, aliyezoea kuhesabu futi tano inchi sita, ataandika 5.6. Wa tatu ataweka mkato badala ya nukta, na float() itagoma. Heri huyo wa tatu: programu ikigoma, utajua ina tatizo. Kwa hiyo ombeni sentimita, gawanyeni kwa 100 wenyewe, na urefu ulio chini ya 100 au zaidi ya 250 ukataliwe. Wa futi mfanyieni hesabu: inchi moja ni sentimita 2.54.

Kwenye madaraja ndipo wengi hujikwaa. Shirika la Afya Duniani huita 18.5 hadi 24.9 uzito wa kawaida, 25 hadi 29.9 uzito uliozidi, na kuanzia 30 unene wa kupindukia. Mwanagenzi hunakili vivyo hivyo: <= 24.9, kisha >= 25. Jaribuni kilo 63.9 na sentimita 160. Jibu ni 24.96, na halina pa kukaa! Andikeni if bmi < 18.5, elif bmi < 25, elif bmi < 30, kisha else.

Tena msiandike "wewe ni mgonjwa." Quetelet, Mbelgiji aliyebuni kipimo hiki karne ya 19, alikuwa akichunguza watu kwa jumla, hakuwa daktari. Hamali anayepakua saruji jahazini anaweza kuvuka 25 kwa misuli mitupu. Wajawazito hakiwafai, na watoto wana chati zao za umri na jinsia. Ulizeni umri mwanzoni, aliye chini ya miaka 18 asipewe daraja.