Msingojee Kikohozi: Kwa Wahudumu Wapya wa Kliniki za Lamu

Ndugu zangu, wengi wa wanaoishi na VVU mtakaowahudumia watafika kliniki wakiwa wazima kabisa, na ndiyo maana ni rahisi kuwapa ARV zao na kuwaruhusu waende. Msifanye haraka. Kila anapokuja, mwulizeni kama anakohoa, kama ana homa, kama amepungua uzito, na kama hutokwa na jasho jingi usiku. Likiwepo hata moja, makohozi yapimwe kifua kikuu kwanza, kwa maana kumpa dawa ya kinga mtu ambaye tayari anaugua ni kumtibu nusu na kuvipa vimelea nafasi ya kuwa sugu. Yasipokuwepo, aanzishiwe kinga: isoniazidi ya kila siku kwa miezi 6, pamoja na vitamini B6 ya kulinda neva, au isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Mwelezeni mapema kwamba rifapentini hugeuza mkojo kuwa na rangi ya machungwa, asije akashtuka na kuitupa. Lakini macho yakiwa manjano au akitapika mfululizo, asimeze tena, arudi upesi.

Septrin, dawa ya salfa ya kuzuia maambukizi, hudharauliwa kwa kuwa ni ya zamani na ya bei nafuu, nami naona dharau hiyo ni hatari. Miligramu 960 kwa siku humkinga mtu mzima dhidi ya nimonia ya kuvu aina ya Pneumocystis, ambayo humwandama zaidi mwenye CD4, yaani chembe za kinga za mwili, chini ya 200. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU huanzishiwa akiwa na wiki 6, bila kungojea dalili, kwa sababu nimonia hiyo huwashambulia watoto wachanga hasa kati ya miezi 3 na 6. Kabla ya kuitoa, ulizeni kama mgonjwa aliwahi kudhurika na dawa za salfa. Upele wenye malengelenge au vidonda vya mdomoni si wa kungojewa.

Ulizeni pia anakolala. Katika nyumba zetu za mawe, chumba cha ndani kabisa mara nyingi hakina dirisha, na anayekohoa afadhali alale karibu na kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, hewa inakopita.

Jambo linalowaponyoka wageni ni safari. Mtu wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, hawezi kuvuka kila anapotaka wakati kusi inapovuma, na mvuvi hukaa baharini siku nyingi. Kwa hiyo, akiwa hali yake ni thabiti, pangeni tarehe zake pamoja naye na mpeni dawa za miezi kadhaa. Mwezi wa Ramadhani, dawa za mara moja kwa siku zihamishiwe wakati wa futari au daku, na mzungumze naye kabla mwezi haujaandama, maana wengine huacha kimya kimya kwa kuona haya kuuliza.