Kabla ya kuandika chochote kwenye kisanduku cha kutafutia

Wengi wenu mnaoanza kazi ya utafiti na uhakiki wa taarifa mnakuja na tabia moja: swali likitua mezani, mkono unakimbilia kisanduku cha Google, maneno mawili matatu yanaandikwa, tokeo la kwanza linafunguliwa, kazi inahesabiwa imekwisha. Zamani tabia hiyo ilitosha kwa maswali mengi. Siku hizi inakula muda, na mara nyingi inawapa kitu chenye sura ya jibu tu. Kabla sijagusia mbinu yoyote, nataka mjue kwanza kwa nini matokeo yamefikia hapa, maana anayejua chanzo hana haja ya kukariri mbinu.

Google ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin juu ya wazo zuri kabisa: ukurasa mmoja ukiweka kiungo cha kwenda ukurasa mwingine, umeupigia kura. Wenye kura nyingi, hasa kura za kurasa ambazo nazo zinaheshimika, hupanda juu. Wazo hilo lilifaulu kwa kuwa watu wakati huo waliweka viungo kwa hiari yao, wakiwaelekeza wenzao kwenye kitu walichokipenda. Ilipojulikana kwamba nafasi ya juu inaleta wateja, kura zikaanza kununuliwa. La kuchekesha ni kwamba waasisi hao wenyewe, katika makala yao ya kitaaluma ya mwaka 1998, waliandika kwamba mtambo wa kutafuta unaoendeshwa kwa fedha za matangazo utaelemea upande wa watangazaji na kuyapa kisogo mahitaji ya watafutaji. Mwaka 2000 kampuni yao ikaanza kuuza matangazo.

Tangu hapo ni kufukuzana. Mwaka 2011 Google ilitoa mabadiliko yaliyoitwa Panda ili kuzishusha tovuti zinazozalisha makala hafifu kwa wingi. Mwaka 2012 yakafuata ya Penguin, dhidi ya viungo vya hila. Machi 2024 zikaja kanuni dhidi ya kurasa zinazofyatuliwa kwa maelfu, na dhidi ya mchezo wa kununua anwani ya tovuti iliyokufa ili kurithi heshima yake. Kila mara wenye biashara hiyo hutulia kidogo, hujifunza kanuni mpya, kisha hurudi.

Kuna utafiti wa Ujerumani uliotoka mwaka 2024 ambao mtausikia ukitajwa sana. Watafiti wa Leipzig na Weimar walifuatilia kwa mwaka mmoja maswali 7,392 ya watu wanaotafuta tathmini za bidhaa kwenye mitambo ya kutafuta ya Google, Bing na DuckDuckGo. Waliona kwamba kurasa zinazokaa juu, kwa wastani, zimetengenezwa zaidi kwa ajili ya kuuridhisha mtambo, zina viungo vingi zaidi vya kamisheni, yaani vile vinavyomlipa mwenye ukurasa msomaji akinunua, na maandishi yake yana dalili za ubora mdogo. Muwe waangalifu mnapoutaja: ulihusu tathmini za bidhaa, basi. Nimeuona ukinukuliwa kana kwamba umethibitisha mtandao mzima umeoza, na hilo halivumiliki kwa mtu wa kazi yetu.

Kisha Mei 2024 Google ikaanza kuwaonyesha watumiaji wa Marekani muhtasari wa akili mnemba juu ya matokeo. Hazikupita siku nyingi, muhtasari huo ukamshauri mtu achanganye gundi kwenye mchuzi wa piza ili jibini isidondoke, na mwingine ale jiwe dogo kila siku. Ushauri wa gundi ulitokana na utani wa zamani wa mtumiaji mmoja wa Reddit, mtandao wa majadiliano. Wa jiwe ulitoka The Onion, ambalo ni gazeti la dhihaka. Makosa hayo mahususi yalirekebishwa, lakini angalieni jinsi yalivyotokea. Yeyote anayeusoma ule utani pale ulipoandikwa anajua ni utani. Muhtasari ulipouchukua uliacha nyuma mwandishi, tarehe, majibu ya wenzake na mzaha wenyewe, ukabakiza sentensi iliyonyooka yenye sauti ya mtaalamu. Yaani alama zote tunazotumia kupima uzito wa neno zilikuwa zimekwisha kufutwa kabla hatujalisoma. Kwa hiyo muhtasari someni mkipenda, ila msiunukuu mpaka mmefungua viungo vyake na kuyakuta maneno yale huko. Mara nyingine mtakuta kiungo kinasema jambo jingine kabisa.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kugusa kibodi, jiulizeni: jibu la swali hili angeliandika nani, na kwa faida gani? Madhara ya dawa huandikwa na watafiti wa tiba, na machapisho yao yameorodheshwa PubMed, hifadhidata ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Sheria hukaa kwenye gazeti rasmi la serikali na kumbukumbu za bunge. Idadi ya watu ina ofisi yake ya takwimu. Makala za fizikia na hisabati zimekuwa zikiwekwa arXiv, hifadhi ya makala za kitaaluma mtandaoni, tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Programu ikigoma, maelezo yapo kwenye mwongozo wa walioiunda na kwenye orodha yao ya hitilafu zilizoripotiwa. Katika yote hayo Google mnaihitaji iwafikishe mlangoni tu. Mkiingia, tafuteni kwa kisanduku cha tovuti yenyewe. Maswali yasiyo na mwenyewe, kama vile kifaa kipi ni bora kununua, ndiyo yaliyojaa wauzaji, na huko shaka yenu iongezeke maradufu.

Msiandike swali, andikeni maneno ambayo yangekuwemo ndani ya jibu. Mwenye kuandika kwamba kompyuta inazima yenyewe atapata makala za kujaza ukurasa. Mwenye kunakili ujumbe wa hitilafu neno kwa neno na kuufunga ndani ya alama za nukuu atampata mtu aliyekutana nao. Neno site likifuatwa na nukta mbili (:) na anwani ya tovuti, bila nafasi katikati, hufunga utafutaji ndani ya tovuti moja. Filetype:pdf huleta ripoti na nyaraka, na naipenda kuliko zote kwa sababu moja ya kibiashara: wauzaji wa kamisheni mara chache hujisumbua kutengeneza faili za namna hiyo. Alama ya kutoa mbele ya neno huliondoa. Kwa mambo yasiyochakaa, jaribuni before:2022-11-30, siku ambayo roboti ya mazungumzo ChatGPT ilitolewa kwa umma. Makala nyingi zilizofyatuliwa na mashine zitabaki nje. Si kinga kamili, kwa kuwa tarehe za kurasa huchezewa. Na kama muhtasari unawakera, ongezeni &udm=14 mwishoni mwa anwani ya ukurasa wa matokeo, mtaona viungo vitupu.

Kuhusu njia mbadala, watu hupenda kuhama kwa jina bila kuuliza swali la msingi: mtambo huu unatumia faharasa ya nani? Faharasa ni ile hazina ya kurasa ambazo mtambo umezitembelea na kuzipanga, na kuijenga ni ghali mno, kwa hiyo wenye ya kwao ni wachache. Google wanayo, Bing wanayo, Yandex wanayo. DuckDuckGo huchukua sehemu kubwa ya viungo vyake kutoka Bing, na Startpage hutegemea Google. Ni mitambo mizuri kwa mtu anayetaka faragha, lakini kutoka Bing kwenda DuckDuckGo kutafuta maoni ya pili ni kumuuliza mtu yuleyule aliyebadilisha kofia. Mkitaka maoni ya pili kweli, nendeni Brave Search, iliyoanza mwaka 2021 na sasa ina faharasa yake, au Mojeek ya Uingereza. Mojeek itawachosha kwa maswali ya kawaida, ila mara kwa mara inaibua ukurasa ambao wengine wameuzika. Marginalia, kazi ya mtunzi mmoja wa programu wa Sweden, hupendelea tovuti ndogo zenye maandishi mengi. Haifai kwa habari za jana, inafaa sana kwa kumpata mtu aliyeandika kwa mapenzi yake. Kagi ni ya kulipia na haina matangazo, na humruhusu mtumiaji kuzuia tovuti fulani isionekane tena. Kwa anayetafuta kutwa nzima, naona malipo hayo yana maana. Kwa wengine, sioni.

Ule ujanja maarufu wa kuongeza neno reddit mwishoni mwa swali, ili kupata maoni ya watu wa kawaida, nao una mipaka yake. Baada ya mkataba wa Februari 2024 kati ya Reddit na Google, Reddit ilianza kuifungia mlango mitambo mingine ya kutafuta, na kufikia Julai mwaka huo machapisho yake mapya yalikuwa hayaonekani Bing. Halafu wauzaji nao wameshahamia huko wakijifanya wateja walioridhika. Fungueni akaunti ya mtoa maoni, muone anaandika nini siku nyingine.

Roboti za mazungumzo zitumieni mwanzoni, mnapokuwa hamjui wataalamu wanaliitaje jambo mnalolitafuta. Zikiwapa istilahi, ondokeni nayo mkatafute kwingine. Zikiwapa marejeo, tafuteni kila kichwa cha makala kimoja kimoja, kwani huwa zinabuni hata majina ya majarida. Na jambo la nchi nyingine litafuteni kwa lugha ya nchi hiyo, hata kama mtasoma kwa msaada wa programu ya tafsiri. Ukitafuta kwa Kiswahili pekee, mara nyingi utaletewa kurasa zilizotafsiriwa na mashine, ambazo huzitambui mpaka ukute jina la mtu nalo limetafsiriwa.

Mkishakipata mnachokitafuta, kihifadhini siku hiyohiyo. Kituo cha utafiti cha Pew kilionyesha mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 zilikuwa hazifunguki tena miaka 10 baadaye, na Google wenyewe wameshaondoa kile kiungo cha nakala iliyohifadhiwa. Wekeni ukurasa kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za kurasa za mtandao, chukueni na nakala ya PDF, kisha kwenye daftari la kazi andikeni mtambo mliotumia, maneno mliyoandika na tarehe. Andikeni pia mlipotafuta mkakosa, ili atakayepokea faili hilo asianze tena na maneno yaleyale.