Si kila "kama" ni tashbihi

Swali: Nafundisha Kiswahili Darasa la Nne. Wanafunzi wamekariri "mweupe kama theluji" na "chungu kama shubiri", lakini nikiwaambia watunge tashbihi zao wanaandika "Juma ni mrefu kama Ali". Wengine wakiona "kama" popote, wanasema ni tashbihi. Nirekebisheje?

Jibu: Mwalimu, makosa hayo yana chanzo kimoja: wamezoea kuwinda neno "kama" badala ya kutafuta kinachofananishwa. "Kama mvua ikinyesha, hatuendi" ni sharti. "Anafanya kazi kama dereva" inataja kazi yake tu. "Juma ni mrefu kama Ali" ni ulinganisho kweli, ila wote wawili ni watoto, hakuna picha inayojengeka. Tashbihi hukutanisha vitu vya jinsi tofauti kwenye sifa moja: Juma na mnazi, kwa urefu.

Theluji iweke kando. Mtoto wa Lindi ataiona wapi? Ingia darasani na unyoya, pamba, kipande cha mkaa na limau. Wavishike, limau waonje, kisha chora ubaoni safu tatu: kitu, sifa, kifananishi (kile kinachofananishwa nacho, mfano mnazi). Sifa ijazwe kabla ya kifananishi. Wakianza na kifananishi utasahihisha "mzuri kama ua" madaftari arobaini. Kila jibu liulize "kwa lipi?" Asiyeweza kujibu, arudie.

Sitiari, yaani kufananisha bila "kama", ipe siku yake. Futa "kama" pamoja na sifa: "Ulimi wake ni mkali kama wembe" inabaki "Ulimi wake ni wembe". Ugumu uko hapo, kwa sababu sifa sasa imejificha. "Juma ni simba" yaweza kuwa ushujaa, yaweza kuwa ukali, na kwa watoto wa Dar es Salaam ni shabiki wa timu ya Msimbazi! Tanguliza sentensi ya kuwaongoza: "Hakuogopa fisi wala giza. Juma ni simba."

Nahau usizichanganye humu. "Babu amekula chumvi nyingi" haieleweki kwa kujumlisha maneno, bali hufundishwa nzima nzima, ndani ya habari fupi.

Kwenye zoezi, achana na "Taja tashbihi tano". Toa sentensi sita zenye "kama", tatu tu ziwe tashbihi. Kutambua alama 1, kueleza sifa alama 2.