Nywila ya Gemu Isiwe Nywila ya Kitu Kingine Chochote

Kabla sijamruhusu mtoto yeyote wa nyumbani kwetu kucheza gemu mpya ya mtandaoni, huwa ninafungua akaunti mwenyewe kwa barua pepe ya akiba, ninaweka nywila ambayo sijawahi kuitumia popote, kisha ninatoka na kubonyeza palipoandikwa "Umesahau nywila?" Gemu iliyojengwa na watu wanaojali itanitumia kiungo cha kuweka nywila mpya. Gemu ya watu wasiojali itanitumia nywila ileile niliyoiandika dakika chache kabla, herufi kwa herufi, ndani ya barua pepe ya kawaida. Nimeliona hilo kwa macho yangu katika gemu moja ya kilimo iliyopendwa sana na wapwa zangu. Niliifuta kwenye simu siku hiyohiyo, nikavumilia vilio vilivyofuata.

Kampuni inayoweza kukurudishia nywila yako ni kampuni inayoihifadhi wazi, au kwa namna inayoweza kufunguliwa, na hakuna sababu yoyote ya kampuni kuijua nywila ya mchezaji wake. Mafundi makini huipitisha nywila kwenye hesabu inayoigeuza kuwa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu usiorudishika nyuma, kisha wakahifadhi mfuatano huo peke yake. Ukirudi kesho na kuandika nywila yako, seva, yaani kompyuta ya kampuni, hurudia hesabu ileile na kulinganisha majibu. Hivyo hata mwizi akiondoka na kanzidata nzima, yaani hifadhi ya taarifa za wachezaji wote, hukuta mifuatano tu, na kazi ya kubahatisha kilichofichwa nyuma yake, iwapo hesabu iliyotumika ni ya kisasa na nywila ni ndefu, humchukua muda mrefu kiasi cha kukosa faida. Zana za kufanya hivyo ni za bure na zimekuwepo kwa miaka mingi, kwa hiyo sikubali utetezi kwamba kampuni ni changa au kwamba ile ni gemu tu.

Mfano ninaowapa wazazi mara nyingi ni wa RockYou, kampuni ya California iliyokuwa ikitengeneza gemu na programu ndogondogo za kurasa za Facebook na MySpace. Desemba 2009 mdukuzi aliingia katika kanzidata yake kwa kupenyeza amri kupitia sehemu ya kujaza maandishi, mbinu ambayo wataalamu walikuwa wameshaitolea tahadhari kwa zaidi ya miaka kumi, akachukua nywila zaidi ya milioni 32. Zote zilikuwa zimehifadhiwa wazi. Kampuni ya usalama ya Imperva ilipozichambua iligundua kwamba watumiaji 290,731 walikuwa wamechagua 123456. Orodha ya nywila hizo, ambazo hubaki zaidi ya milioni 14 ukiondoa zinazojirudia, ingali inasambazwa mtandaoni hadi leo, na ndiyo kamusi ambayo wadukuzi huanza nayo wanapobahatisha nywila za watu ambao hawajawahi hata kulisikia jina la RockYou. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola 250,000 katika shauri la Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, iliyoituhumu kukusanya taarifa za watoto wapatao 179,000 kinyume cha sheria inayowalinda.

Neopets inanigusa zaidi, kwa sababu ilipendwa na watoto hasa. Ni gemu ya kufuga wanyama wa kubuni iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1999. Julai 2022 kanzidata yake yenye akaunti milioni 69 hivi ilitangazwa kuuzwa kwa bitcoin 4, na uchunguzi wa kampuni yenyewe ulionyesha kwamba waingiaji walikuwa na uwezo wa kufika ndani tangu Januari 2021, yaani mwaka mmoja na nusu kabla ya kugunduliwa. Taarifa zilizokuwa humo ni majina, barua pepe, tarehe za kuzaliwa, jinsia, anwani za kimtandao za vifaa vyao (IP), nywila zilizofichwa kwa hesabu niliyoieleza, na namba ya siri ambayo mchezaji aliiweka kulinda mali zake za ndani ya gemu.

Namba hiyo ya siri ni ya tarakimu nne. Namba ya siri ya M-Pesa nayo ni ya tarakimu nne, na mtu aliyezoea namba moja huitumia kila anapoulizwa tarakimu nne, awe anafunga begi lenye kufuli la namba, anatoa pesa kwenye ATM, au anafuga mnyama wa kubuni kwenye gemu. Asiyetumia namba moja kila mahali mara nyingi hutumia mwaka wake wa kuzaliwa, ambao nao umo katika kanzidata hiyohiyo.

Huku kwetu hatari inaongezeka kwa sababu simu ya mtoto mara nyingi ndiyo simu ya mzazi. Mtoto anapoomba kufunguliwa akaunti, mama huandika barua pepe yake ya pekee na nywila yake ya pekee, kwenye simu ileile yenye laini ya pesa, WhatsApp ya kikundi cha vikoba na picha ya kitambulisho cha NIDA. Mwizi anayenunua kanzidata ya gemu hana haja na ng'ombe wala almasi za mtoto. Huendesha programu inayochukua kila jozi ya barua pepe na nywila na kuijaribu kwenye huduma nyingine moja baada ya nyingine, na akifanikiwa kuingia kwenye barua pepe, anaweza kuomba nywila mpya za karibu kila kitu kilichosajiliwa kwa anwani hiyo. Kwa hiyo nikilazimika kuchagua ushauri mmoja wa kumpa mzazi mwenye dakika tano tu, ni huu: nywila ya barua pepe isifanane na nywila nyingine yoyote, na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuingia kwa nywila pamoja na uthibitisho wa pili kama namba inayokuja kwenye simu, uwashwe kwenye barua pepe hiyo leo.

Akiwa na muda zaidi, ninamshauri afungue barua pepe ya pili kwa ajili ya gemu peke yake. Kila gemu iwe na nywila yake, na maneno manne yasiyohusiana yanatosha kabisa, mfano kibuyu, reli, ngamia na saa yakiunganishwa, mradi usitumie haya niliyoyaandika hapa. Wengi huogopa kwamba watasahau. Programu za kutunza nywila zipo, ila kwa mama mkwe wangu nilinunua daftari dogo analoliweka kabatini, nalo linamfaa kwa sababu mwizi aliye ng'ambo hawezi kulifikia. Gemu ikiuliza jina, mtoto apewe jina la kubuni. Ikiuliza tarehe ya kuzaliwa, umri wake uwe wa kweli ili mipaka ya watoto ifanye kazi, lakini siku na mwezi havilazimiki kuwa vyake. Gemu inayodai namba ya kitambulisho au picha ya mtoto haifai kubaki kwenye simu. Malipo, kama ni ya lazima, yafanywe kwa kadi pepe, yaani kadi ya malipo ya mtandaoni isiyo ya plastiki, yenye kiasi kinachohitajika tu, kamwe si kwa kadi iliyofungamanishwa na akaunti ya mshahara.

Usisubiri kampuni ikujulishe. Mwaka 2011 Sony ilizima mtandao wake wa PlayStation tarehe 20 Aprili, na ni tarehe 26 ndipo ilipowaeleza wateja kwamba taarifa za akaunti milioni 77 hivi zilikuwa zimefikiwa. Siku sita ni nyingi mno kwa mtu ambaye nywila yake iko mkononi mwa mwizi. Kuna tovuti ya bure iitwayo Have I Been Pwned, aliyoianzisha Troy Hunt wa Australia mwaka 2013, ambamo unaandika barua pepe yako nayo inakuonyesha ni katika uvujaji upi ilionekana. Ninaikagua mara kwa mara kwa anwani zote za familia, na ninawaombeni mfanye hivyo. Kisheria pia hatuko mikono mitupu: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayotaka kamishna ajulishwe uvujaji wenye madhara ndani ya saa 72, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na kuunda tume inayopokea malalamiko. Kampuni ya gemu iliyo nchi ya mbali ni ngumu kuifikisha huko, lakini inayouza hapa kwetu haina pa kujificha, na malalamiko yenye picha za skrini yana uzito kuliko lawama za kwenye vikundi.

Limebaki suala la akaunti mlizoziacha. Katika uvujaji wa Neopets, kampuni ilieleza kwamba kwa wachezaji ambao hawakuwa wamecheza tangu 2015, taarifa zilizochukuliwa huenda zilijumuisha nywila zisizofichwa kabisa, ingawa hazikuwa zikitumika tena kwenye gemu hiyo. Waliokuwa watoto wakati huo sasa ni watu wazima wenye ajira na akaunti za benki, na wengi huenda hawakumbuki kwamba waliwahi kufuga mnyama huko. Tafuteni kwenye barua pepe zenu za zamani neno "karibu" na "welcome", mtaona gemu mlizozisahau. Ingieni, badilisheni jina na tarehe ya kuzaliwa, wekeni nywila mpya isiyo na maana yoyote, ondoeni kadi kama ipo, kisha ombeni akaunti ifutwe na mtunze jibu watakalowapa. Fanyeni hivyo kwa mpangilio huohuo, taarifa kwanza na ombi la kufuta baadaye, kwa sababu si kila kampuni inayosema imefuta huwa imefuta kweli.