Kabla hujafuta kipindi cha kuchora, soma hii kwanza mwalimu mwenzangu

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi, huu mwaka wa kumi na mbili, na miaka kama mitano ya mwanzo kipindi cha sanaa nilikuwa namalizia hisabati. Darasa lina watoto 71, upimaji wa taifa wa darasa la nne uko mlangoni, mkuu anaulizia wastani, sasa hapo nani anakaa kuchora maua? Nikipata nafasi sana nachora nyumba ubaoni, nawaambia chukueni madaftari mnakili, natembeza alama, basi. Zinarudi nyumba 71 zimefanana kama zimetoka kiwandani, paa la pembetatu, mlango katikati, jua kwenye kona. Na nje ya dirisha siku hiyo Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, imefunguka nyeupe kabisa hakuna hata wingu, ila hakuna mtoto hata mmoja aliyeichora, kwa sababu mwalimu hakuichora.

Kilichonitoa huko ni kalamu moja ya rangi. Nilipata maboksi machache ya kalamu, nikasema leo kila mtu ajichore mwenyewe. Wakaanza kugombania ile ya pinki iliyopauka, "nipe rangi ya mtu", "na mimi nataka rangi ya mtu". Nikadhani nimesikia vibaya. Yaani watoto wa Pasua, wa Njoro, wa Majengo, na kila anayejichora anajipaka pinki. Kuna binti mmoja mweusi hasa, yeye alimaliza nywele, akamaliza sare, uso akauacha karatasi tupu. Nikamuuliza mbona hujamaliza, akaniambia taratibu, "madam, mimi rangi yangu haipo."

Nililala na hilo neno.

Wiki iliyofuata sikununua kitu stesheneri. Nilibeba udongo mwekundu wa shambani nikauchekecha kwa kitambaa, kahawa ya unga, mkaa nikautwanga ukawa laini, majivu na manjano ya jikoni. Gundi ni uji mwepesi wa unga wa ngano, kijiko cha rangi kwa kijiko cha uji, unakoroga. Brashi ni kijiti unachokitafuna ncha mpaka kichambuke kama mswaki wa mti, karatasi ni maboksi ya katoni ya dukani. Nikawaambia rangi yako utaitengeneza mwenyewe, unapaka kidogo kwenye mkono unaangalia kama umefika. Darasa lile lilivyokuwa siwezi kueleza vizuri, watoto wameinamia mikono yao, "bado, ongeza kahawa", "mimi nina wekundu kwa ndani", "wewe na mimi tumetofautiana kidogo tu angalia". Yule binti alienda na mkaa na kahawa akaongeza udongo mara tatu nne, akaja kunionyesha mkono hata mchoro hajaanza. "Hii ndo mimi."

Angalizo mawili matatu kwa atakayejaribu. Uji tengeneza wa siku hiyohiyo, ukilaza unachacha na darasa litanuka. Manjano hayatoki kwenye shati jeupe, sisi tulichangishana mashati makubwa ya mtumba pale soko la Memorial tunavaa juu ya sare, maana mzazi akishafua mara mbili akashindwa, hicho kipindi ameshakuulia.

Alafu nikataka waone kwamba vitu vya kwao vinachoreka. Kuna mchoraji anaitwa Sam Ntiro, mtu wa Machame huku huku kwetu, kazaliwa 1923, akasoma Makerere na baadaye London. Ana mchoro wa 1956 wa wanaume wanapeleka mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa bibi harusi usiku, na huo mchoro uko kwenye jumba kubwa la sanaa la New York, Marekani, walioununua ni wao wenyewe. Nikauprint nikauzungusha darasani. Walichokiona wao sio sanaa, waliona watu wamebeba mbege, wakaanza kubishana kama kwao wanabeba hivyo. Mmoja akauliza, "kwa hiyo madam migomba inaruhusiwa?" Hilo swali naomba ulitafakari, mtoto ameshafika darasa la nne anadhani mgomba wa nyumbani kwao hauruhusiwi kwenye daftari. Toka siku hiyo pembetatu zikapungua, zikaja mifongo, ile mifereji yetu ya maji ya mashambani, mbuzi wa ndani, bodaboda, bibi anamenya ndizi, Kibo na kilele mwenzake Mawenzi, na mtoto mmoja kaiwekea Mawenzi plasta kwa sababu ya kile kisa cha babu zetu kwamba Kibo alimpiga Mawenzi kwa kuombaomba moto kila siku ndo maana ana makorongo vile.

Kwenye masomo mengine faida niliiona kwa maharage. Kila mwaka tunaotesha kwenye pamba, wanakariri, wanasahau. Mwaka huo nikasema kila asubuhi unachora la kwako kama lilivyo, dakika tano, usichore la jana. Siku ya tatu ya nne wakawa wananifuata wao, madam mzizi umetoka kabla ya jani, madam la kwangu linajikunja. Mkono ukichora jicho linalazimika kuangalia, hapo sihitaji mtu anishawishi. Na wale wanaosoma kwa shida, ambao kwenye kuandika wanatoa mstari mmoja, kwenye mchoro walikuwa na mambo mengi ya kusema kuliko vinara wangu.

Sasa hapa kwenye hisia twende polepole, maana nimekosea. Mtoto mmoja wa kiume alipaka katoni yote nyeusi, mimi nikashtuka, nikaita hadi mwalimu wa malezi, mtoto akakalishwa akaogopa mpaka akalia. Kumbe ni usiku, umeme umekatika. Ndo mchoro wenyewe. Alikaa kama wiki tatu hachori kitu cha maana, anachora nyumba ya pembetatu tu. Kwa hiyo usiwe mpiga ramli wa michoro ya watoto, nyeusi inaweza kuwa huzuni, inaweza kuwa usiku, inaweza kuwa mkaa ndo ulikuwa karibu. Muulize. Na usiulize "hii ni nini", ukisema hivyo umemwambia amechora vibaya. Sema "niambie kuhusu hapa", alafu nyamaza, kunyamaza kwenyewe ndo kazi, mimi nahesabu moyoni.

Mwingine alihamia katikati ya mwaka, kaja kuishi na mama yake mdogo, alikuwa haongei. Wiki nne nzima kachora barabara, barabara tupu. Sikumsukuma. Wiki ya tano nikamwambia niambie kuhusu hapa, akasema "hapa ni stendi, pale ni nyumbani ila karatasi imeisha." Nikampa katoni nyingine akaiunga.

Ila kuna siku mtoto atakuambia kitu kizito, kupigwa, kuguswa. Hapo mchoro umeishia, usimhoji kama polisi na usimwahidi kwamba utakaa na hiyo siri. Nenda kwa mwalimu wa malezi, nenda ustawi wa jamii, na kuna namba 116 ya kusaidia watoto, ni bure kupiga.

Wenzangu wengine bado wananiambia napoteza muda. Nawaelewa, nilikuwa huko, japo mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeshaiweka Sanaa na Michezo kama somo, kwa hiyo saa zipo, swali ni unazifanyia nini. Jambo moja tu nawaomba, ukianza kubandika ukutani bandika zote. Nilianza na kumi bora, kesho yake nikakuta moja iliyobaki kwenye kabati imechanwa na mwenyewe.

Sahivi ukuta umejaa tumehamia kwenye milango. Tunabandika kwa uji uleule, na kwa sababu mende wanaupenda, shule ikikaribia kufungwa tunabandua kila mtu anaenda na yake. Yule binti wa kahawa na mkaa aliomba ya kwake aitoe mapema, anasema bibi kila jioni anaiulizia.