Sanduku la chini ya kitanda

Katuba, Lubumbashi

Mwanangu Furaha,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho kwa sauti, baba yako akisikiliza huku anajifanya anatengeneza redio. Unauliza: yule mama wa kansa unayemuuguza hapo Liège, Ubelgiji, aliyemwomba daktari amsaidie kufa, siku ikifika uingie chumbani umshike mkono, au ukatae? Unasema sheria yao ya 2002 inaruhusu jambo hilo, lakini haimlazimishi daktari wala mtu mwingine yeyote.

Unalikumbuka lile sanduku la chuma chini ya kitanda changu?

Wewe ulikuwa Kinshasa kwa masomo. Nkambo yako, baba yangu, aliyechimba shaba miaka 30 bila kulalamika, kansa ilikuwa imeshamwingia kwenye mifupa. Usiku mmoja umeme ulikuwa umekatika, akaniita kwa jina langu la utotoni. Akasema, "Nipe vyote." Vidonge vyake vya maumivu, tramadoli. Mwili ulinisisimka. Nikavifungia sandukuni, ufunguo nikaufunga kwenye ncha ya kitenge, na kuanzia hapo nikawa nampa nusu. Daktari aliandika kimoja kizima, mara nne kwa siku. Nusu iliandikwa na woga wangu. Siku nne mzee aliuma shuka, mimi pembeni na rozari, nikidhani namkinga na dhambi.

Mama mkubwa wako alipofika kutoka Likasi aliangalia mara moja tu, akaninyang'anya ufunguo hata salamu hajatoa. Kesho yake mzee akaomba bukari na samaki. Alikula matonge mawili, akamtukana mwamuzi wa mpira redioni, tukacheka mpaka majirani wakachungulia! Hakuomba tena "vyote". Baada ya wiki tatu alilala, hakuamka.

Ndiyo maana nasema kila siku, na najua umenichoka: maumivu kwanza, maneno baadaye. Anayelia kwa uchungu hujui bado anaomba nini.

Lakini utaniambia, mama, hapa dawa zipo, morfini ipo, na bado anaomba. Hapo nakwama. Padri angenijibu haraka: usiue. Nami nakubali, nimekubali tangu komunio ya kwanza. Ila zile siku nne mimi sikuua mtu, na bado ndizo ninazoungama mpaka leo.

Ulitueleza pia kwamba kule Oregon, Marekani, tangu 1997, mgonjwa aliyebakiwa na miezi sita au chini hupewa dawa akameza mwenyewe, na kwamba kwenu Ubelgiji mara nyingi daktari ndiye anayechoma sindano. Baba yako anasema hiyo tofauti ni kubwa, kwamba mwenye kumeza amejibeba mwenyewe. Mimi siioni. Ningelimfungulia mzee sanduku, ule mkono ungekuwa wa nani?

Ulimi unaniwasha nikuambie usiingie. Mama gani anamtuma mtoto chumba kile? Halafu namwona mzee, namwona na mwanamke aliyekaa mlangoni na ufunguo kwenye kitenge, ana uhakika kabisa. Basi, sisemi. Usinilazimishe kwenye simu Jumapili.

Ila kuna kitu hukuniandikia. Usiku, huyo mama anakaa na nani?

Mama yako